Naomba ushauri: siku ya jiolojia isiyomwacha mwanafunzi yeyote nyuma

Wadau, tunaandaa ziara ya wanafunzi 40 wa shule za kutwa za Eastlands, Nairobi. Nusu ni wasichana, wawili wanatumia viti vya magurudumu, watatu ni viziwi.

Tutaanzia kwenye ukuta wa darasa lenyewe: jiwe la kujengea la Ndarugu ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyoshikana. Hapo kila mtu anafika. Kisha eneo la kale la Olorgesailie, kama kilomita 70 kutoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, kuona tabaka nyeupe za diatomaiti, yaani mabaki ya viumbe vidogo sana vya majini, za ziwa la kale.

Kila kundi la watu watano litapewa lenzi ya mara 10, msumari, siki na kipande cha jiwe la chokaa. Siki ikigusa chokaa hutoa povu, ila chokaa isagwe kwanza. Siki ni dhaifu, kwenye jiwe zima povu halionekani vizuri.

Ziara nyingi huharibika kwa mambo madogo. Choo kikikosekana, wasichana huacha kunywa maji, na joto la kule ni kali. Mwalimu akieleza huku anaonyesha mwamba, kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na mwamba kwa pamoja. Aonyeshe kwanza, anyamaze, ndipo aeleze.

Naomba msaada: mnatumia ishara gani kwa "tabaka" na "mashapo"? Wa viti vya magurudumu mliwapa kazi gani ya kisayansi hasa, si kushika daftari tu? Na mzazi anayeamini miamba ni kazi ya wanaume, mnamwendea vipi?