Je, shule za sumaku kama za Marekani zingetufaa huku kwetu?

Mzazi wa Lanet, Nakuru
Wanajamvi, hamjambo. Binti yangu yuko Gredi ya 9, na karibuni atatakiwa kuchagua shule 12 za sekondari pevu pamoja na mkondo anaoutaka. Nimesoma kwamba Marekani kuna shule za umma ziitwazo shule za sumaku, ambazo hujikita katika fani moja kama sayansi au sanaa na kupokea watoto wa mitaa yote, mara nyingi kwa bahati nasibu. Je, kila kaunti ikiwa na shule kama hizo watoto wetu watanufaika, au tutakuwa tumelipanua tu pengo lililopo?

Mkazi wa Kisumu
Mzazi mwenzangu, shule hizo zilianza kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. McCarver ya mjini Tacoma, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza, ilifunguliwa kwa mpango huo mwaka 1968 ili wazazi Wazungu wapeleke watoto wao kwa hiari katika mtaa wa watu weusi. Fani ilikuwa chambo. Anayepata nafasi hunufaika, hilo sibishi. Hata hivyo, mji wa Kansas City ulitumia zaidi ya dola bilioni 1 katika mpango kama huo kwa amri ya mahakama, ukajenga hata bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki, na Wazungu wa vitongojini hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jaji aliyetoa amri hiyo alikuwa amevuka mipaka yake.

Mwalimu wa Kemia, Vihiga
Tusijifanye hatuna shule hizo. Kakamega kwa kandanda na Butere kwa tamthilia zimekuwa zikivuta vipaji kwa miaka mingi, na sioni ubaya wowote, kwa sababu mtoto mwenye kipawa huhitaji wenzake wa kushindana nao. Linalonisumbua ni fedha. Mgao wa serikali, ambao umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, humfuata mwanafunzi aendako, kwa hiyo shule ya kutwa inapopoteza watoto hupoteza pia pesa za kununulia kemikali, ilhali gharama ya kuendesha maabara haipungui. Kwangu wanafunzi sita hutumia bureti moja, yaani mrija wa kupimia kemikali za majimaji: mmoja hufungua koki, mwingine husoma kipimo, na wanne waliobaki hunakili majibu ya jaribio ambalo hawakulifanya.

Mzazi wa Lanet, Nakuru
Ahsante, Mwalimu. Je, wenzetu wa Marekani huwafikishaje watoto wa mbali shuleni?

Mkazi wa Kisumu
Wilaya nyingi za elimu huwapa basi la bure. Sisi tumeweka bweni mahali pa basi, nalo katika shule za kiwango cha juu hugharimu shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na sare na godoro. Mtoto wa kibarua anaweza kuitwa na asiende.

Mwalimu wa Kemia, Vihiga
Ndiyo maana ningependekeza kila shule inayopewa maabara ya kisasa ilazimike kuwafungulia wanafunzi wa shule jirani za kutwa siku za Jumamosi, na bajeti ya kemikali ipangwe kwa kuwahesabu hao pia. Bila sharti hilo, afadhali fedha hizo zigawiwe shule za kutwa moja kwa moja.