Naomba ushauri: mwaka wa pili sasa nacheza briji, mnada nimeujua lakini mikataba inaniponyoka

Shupaza_Tisa (mwanzisha uzi)

Ndugu wachezaji, salamu kwenu. Nimejifunza briji (mchezo wa karata wa watu wanne, wenza wawili dhidi ya wawili) kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na leo nimeona nilete shida yangu kwa wenye uzoefu, kwa kuwa nimefika mahali ambapo bidii ninayoitia haionekani tena katika matokeo.

Kwa miezi mingi nguvu zangu zote zilikwenda kwenye mnada, yaani hatua ya kutangaza mizunguko mtakayokula (kila mzunguko ni karata nne, moja ya kila mchezaji); tangazo la mwisho ndilo mkataba. Nilikariri hesabu ya pointi, yaani ree 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Nikajua kwamba pakiti nzima ina pointi 40, na kwamba wenza wawili wenye 25 au 26 kwa pamoja wanaweza kulenga gemu, yaani mkataba mkubwa wenye zawadi ya alama. Baada ya hapo nikaongeza Stayman (kumuuliza mwenza kama ana shupaza au kopa nne), kisha matamko ya kuhamisha (kumfanya mwenza ataje aina yako ndefu, iwe shupaza, kopa, uru au pau), kisha Blackwood (kuuliza idadi ya ree), na sasa daftari letu lina makubaliano 14 ambayo mwenza wangu nami tumeafikiana kuyatumia. Mara nyingi tunafika kwenye mkataba unaostahili. Taabu inaanza karata za mwenza zinapolazwa wazi mezani, nami nikacheza za pande zote mbili.

Nitoe mfano mmoja ambao umeninyima usingizi. Nilishika shupaza ree, 8 na 6; kopa ree, malkia na 5; uru 9, 4 na 2; pau ree, mfalme, 7 na 3. Hizo ni pointi 17, kwa hiyo nilifungua kwa 1 bila turufu (yaani bila aina inayozishinda nyingine), na mwenzangu akapandisha moja kwa moja hadi 3 bila turufu. Akalaza shupaza 7 na 3. Kopa mfalme, 6 na 4. Uru ree, malkia, ghulamu, 10 na 5. Pau 8, 6 na 2. Mlinzi (mpinzani) wa kushoto alitanguliza shupaza 5, wa kulia akaweka malkia, nami nikala papo hapo kwa ree. Nikacheza uru 9 ili kumvizia mfalme, nikitumaini yuko kwa mlinzi wa kushoto, nikaweka ghulamu mezani, kumbe mfalme alikuwa kwa mlinzi wa kulia. Akala, akarudisha shupaza, na walinzi hao wawili wakajizolea mizunguko minne ya shupaza mfululizo. Nilihitaji mizunguko 9, nikaishia na 8.

Je, hii ilikuwa bahati mbaya tu? Na kama si bahati, nifanye mazoezi ya aina gani? Niendelee kuongeza makubaliano ya mnada, au kuna jambo nimeliruka?

Mhesabu13

Ndugu, asante kwa kuziandika karata zote, kwa sababu wengi huleta malalamiko bila karata na hatuwezi kuwasaidia. Nitasema wazi: haikuwa bahati mbaya. Mkataba ule ulikuwa wako, na uliupoteza kwenye mzunguko wa kwanza, kabla hujagusa uru hata moja.

Hebu tuhesabu pamoja. Mizunguko ya uhakika ni shupaza 1, kopa 3, pau 2 na uru 1, jumla 7. Inapungua miwili, na mahali pekee panapoweza kuitoa ni uru, ambako ukimtoa mfalme njiani utapata mizunguko minne kwa urahisi. Swali la kujiuliza si kama mfalme atakamatwa, kwa maana hilo ni nusu kwa nusu na huna uwezo wa kulibadilisha. Swali ni hili: nikimkosa mfalme, nani atakula, na huyo atanirudishia nini? Kwa kuwa unacheza uru kutoka mkononi mwako kwenda mezani, anayeweza kula ni mlinzi wa kulia peke yake. Basi kazi yako yote ni kuhakikisha kwamba akifika pale hana tena shupaza ya kumrudishia mwenzake.

Ungeishika ree yako. Malkia wa shupaza aachwe ale, shupaza ya pili nayo iachwe, ree itoke kwenye mzunguko wa tatu. Kama wa kushoto alikuwa na shupaza tano, na wa kulia tatu, basi wa kulia ameishiwa. Sasa vizia mfalme wa uru kwa moyo mweupe. Akikosekana, mlinzi wa kulia atakula na atalazimika kurudisha kopa au pau, ambazo zote unazo. Na ikiwa shupaza ziligawanyika nne kwa nne, bado atakuwa nayo moja ya kurudisha, lakini walinzi watapata shupaza tatu na uru moja tu, yaani minne, na wewe utabaki na 9 zako.

Kuhusu mazoezi, ninakushauri jambo moja ambalo lilinibadilisha mimi kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Karata za mezani zikishalazwa, usiguse kitu. Weka mikono yako chini, hesabu mizunguko ya uhakika, taja kwa nambari ni mingapi inayopungua, kisha tafuta itatoka aina ipi na kuna hatari gani njiani. Fanya hivyo hata pale ambapo karata ya kwanza inaonekana haina uamuzi wowote. Mikataba mingi hufa kwenye mzunguko wa kwanza, kwa mkono uliokuwa na haraka.

Mlinzi_wa_Kushoto

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa kuongeza upande ambao wanaojifunza huusahau. Katika michezo minne, kwa wastani utaucheza mkataba mara moja, utalaza karata mezani mara moja, na utakuwa mlinzi mara mbili. Kwa hiyo nusu ya briji yako ni ulinzi, na sijaona neno hata moja kuhusu ulinzi katika maelezo yako.

Tazama shupaza 5 ile iliyokuumiza. Walinzi wengi, wakitanguliza kutoka aina ndefu dhidi ya mkataba usio na turufu, hutoa karata ya nne kutoka juu. Ukijua hilo, unaweza kutoa 5 kutoka 11 na kupata 6: hiyo ndiyo idadi ya karata kubwa kuliko 5 zilizobaki kwa wachezaji watatu wengine. Wewe uliona moja mezani (ile 7) na tatu mkononi mwako (ree, 8 na 6). Kwa hiyo mlinzi wa kulia alikuwa na mbili tu, na malkia alikuwa mojawapo. Hesabu hiyohiyo anaifanya mwenza wa aliyetanguliza, kwa faida yake. Karata moja imesema mengi kiasi hicho, nawe uliitazama kama karata ndogo.

Hapo ndipo linapoingia zoezi la kuhesabu, ambalo watu huliogopa bila sababu. Usianze na aina zote nne. Chagua aina moja tu katika kila mchezo, ile inayokusumbua, na uhesabu kutoka 13. Mkiwa na uru 8 kati yenu wawili, zimebaki 5 kwa walinzi; kabla ya kujua lolote jingine, zitagawanyika tatu kwa mbili takriban mara 68 katika 100. Zikibaki 6, mgawanyiko wa tatu kwa tatu unapatikana mara 36 hivi, ilhali nne kwa mbili ni mara 48, jambo ambalo huwashangaza wengi wanaodhani kwamba karata hupenda kugawanyika sawa. Baada ya wiki chache, aina moja itakuwa nyepesi na utajikuta unahesabu ya pili bila kujilazimisha. Mlinzi akishaonyesha shupaza 5 na kopa 4, unajua kwamba uru na pau zake ni 4 tu kwa pamoja, na kuanzia hapo unacheza karibu kama umeziona karata zake.

Bila_Turufu

Nimewasoma wote kwa makini, na pamoja na heshima yangu kwao, sitaki mwanzisha uzi aondoke akidhani kwamba mnada hauna maana. Katika briji ya mkataba, ambayo mfumo wake wa alama ulitengenezwa na Harold Vanderbilt mwaka 1925, ni mizunguko uliyoitangaza tu ndiyo inayohesabiwa kuelekea gemu. Ukila mizunguko 10 kopa ikiwa turufu baada ya kusimama kwenye 2 ya kopa (mizunguko 8), gemu huipati. Mnada ndio mlango.

Hata hivyo, makubaliano 14 kwa watu wa mwaka mmoja na nusu ni mengi mno. Kila kubaliano lina gharama mbili: linaondoa maana ya kawaida ya tamko fulani, na linadai kumbukumbu ambayo ungeitumia kuhesabu karata. Mimi ningebakiza Stayman, matamko ya kuhamisha na Blackwood, nikayaweka mengine kando kwa nusu mwaka. Mkae na mwenza wako muulizane maswali ya kawaida ambayo daftari huwa halijibu: nikifungua 1 ya kopa na mpinzani akaingilia kwa 2 ya pau, tamko lako la 2 ya uru lina nguvu kiasi gani? Tamko lipi haliruhusiwi kupitwa kimya? Wenza wengi wanajua majina ya makubaliano makubwa lakini hawajawahi kuyazungumza haya.

Jambo la mwisho kutoka kwangu. Msijadiliane makosa katikati ya mchezo. Andikeni namba ya mchezo, mkamilishe kikao, kisha mrudi kwa utulivu. Mwenza aliyelaumiwa kwenye mchezo wa tatu atacheza vibaya hadi wa ishirini, na hakuna hesabu itakayomwokoa.

Shupaza_Tisa (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nimeguswa na muda mlioutoa. Jana usiku nilizipanga zile karata 52 mezani, zote zikiwa wazi, nikampa wa kushoto shupaza mfalme, ghulamu, 9, 5 na 2, na wa kulia malkia, 10 na 4. Nikacheza kama alivyoelekeza Mhesabu13. Mfalme wa uru alikula, kisha mlinzi wa kulia akabaki na kopa na pau tupu, nami nikapata mizunguko 10. Nilikaa kimya kwa muda mrefu nikitazama zile karata, kwa sababu ufunguo ulikuwa mbele yangu siku zote.

Daftari nimelipunguza na mwenzangu amekubali. Limebaki swali moja. Nitajuaje niishike ree kwa mizunguko mingapi? Mara mbili ilitosha hapa, lakini je, ni mara mbili daima?

Mhesabu13

Swali zuri sana. Kuna kanuni ya kukumbuka, inayotumika pale ambapo kizuizi chako pekee katika aina ile ni ree: chukua 7, toa idadi ya karata mlizo nazo nyinyi wawili katika aina hiyo. Ulikuwa na shupaza tatu na mezani mbili, jumla 5. 7 ukitoa 5 ni 2, kwa hiyo unaachia mara mbili. Mngekuwa na shupaza 6, ungeachia mara moja tu, na kwa 7 ungekula papo hapo.

Ila kanuni isikufunge macho. Usiishike ree kama kuna aina nyingine iliyo dhaifu zaidi ambayo walinzi wanaweza kuihamia. Fikiria mchezo wako uleule, lakini pau zako zikiwa 9, 7, 4 na 3, na ree na mfalme wa pau wako kwao. Pia haina faida ikiwa unayelazimika kumpa nafasi ya kula ni yuleyule mwenye aina ndefu. Uru zako zingekuwa zimegeuzwa, yaani zile tano nzuri ziko mkononi mwako na unavizia mfalme kutoka mezani, anayekula angekuwa wa kushoto, mwenye shupaza zake mkononi, na kuchelewesha kusingekusaidia chochote. Na kama mnacheza kwa kulinganishwa na meza nyingine zenye karata zilezile, ambako mzunguko mmoja wa ziada unaweza kubadilisha nafasi yenu, wakati mwingine utapima usalama dhidi ya faida hiyo; lakini hilo liache kwa sasa.

Panga michezo mitatu ya namna hii kila wiki, karata zikiwa wazi, ubadilishe mahali pa mfalme mmoja kila mara na uangalie mpango wako unabadilikaje. Ukikwama, ziandike karata za wachezaji wote wanne hapa kama ulivyofanya, tutazipitia pamoja.