Acheni kumpima mchezaji kamili wa besiboli kwa homurani na besi za kuiba peke yake!

Wakuu, hili sasa limezidi. Kila ligi ya Marekani inapokaribia kuisha mnamwaga orodha za "mchezaji kamili", na vigezo ni vile vile: homurani ngapi (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote), besi ngapi kaiba (kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri pigo). Basi! Mbaya zaidi, kuna makocha wa vijana hapa Dar wanaochagua timu kwa mtindo huo huo.

Ujuzi unaopimwa ni wa aina tano: kuupata mpira kwa gongo, nguvu ya pigo, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. Anayetisha kwenye viwili ni hodari wa viwili, si mchezaji kamili.

Mfano ni Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers, 2024: homurani 54, besi za kuiba 59. Maajabu, hakuna ubishi. Lakini msimu ule alikuwa mpigaji tu kwa sababu ya kiwiko kilichofanyiwa upasuaji, hakukaa ulinzi hata iningi (kipindi cha mchezo) moja. Alama za glovu na mkono za mwaka ule mnazitoa wapi? Mwaka huo huo Bobby Witt Jr. wa Royals alikuwa na wastani wa kupiga .332 (mapigo mazuri gawa kwa zamu rasmi), homurani 32, besi za kuiba 31, na Glovu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, akicheza shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Kwenye orodha zenu anawekwa chini!

Kinachoudhi kuliko vyote ni ulinzi kupimwa kwa idadi ya makosa. Kosa huandikwa pale mlinzi alipopaswa kuumudu mpira kwa juhudi ya kawaida. Mpira wa chini ukipita kati ya besi ya pili na ya tatu, shotistopu mzito asipoufikia, mpigaji anaandikiwa pigo zuri na yeye anabaki msafi. Mwepesi anaukimbilia, anaugusa kwa ncha ya glovu, unamponyoka, na kuna waandishi wa alama watakaompa kosa. Mkitumia makosa tu mnamzawadia mzito! Angalieni kipimo cha auti (kumtoa mpigaji au mkimbiaji) alizozidisha juu ya mlinzi wa kawaida, tena kwa zaidi ya msimu mmoja.

Wastani wa kupiga nao unadanganya. Wa kwanza kapata mapigo 27 katika zamu 90 rasmi, wa pili 29 katika 97. Wa kwanza .300 kamili, wa pili .299, karibu sawa. Ila wa kwanza kapewa besi ya bure (mrushaji kakosea mipira minne, na zamu hiyo haihesabiwi kuwa rasmi) mara 10, wa pili mara 3. Kwa zamu 100, mmoja kafika besi mara 37, mwenzake 32. Hiyo ni tofauti kubwa.

Na msilinganishe wizi wa besi wa 2023 na wa miaka ya nyuma. Sheria zilibadilika, besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa kikomo cha kujaribu kumnasa mkimbiaji. Jumla ya ligi ikaruka kutoka 2,486 hadi 3,503.

Makocha wetu, mbio zinapimwa kwa saa ya simu. Anza gongo linapogusa mpira, simamisha mguu unapokanyaga besi ya kwanza, mita 27.4. Kwa wataalamu, mpigaji wa kulia wa kawaida hutumia kama sekunde 4.3, wa kushoto 4.2 maana anaanzia karibu zaidi. Msichanganye hao wawili. Rudieni mara kadhaa, na kila ujuzi uwe na safu yake kwenye daftari. Kijana mwenye homurani sifuri lakini anayefika kila mpira hastahili kuachwa benchi!