Naomba ushauri: ufunguo wa pamoja kwa kundi la droni ndogo

Wakuu, habari za kazi. Tuko Entebbe, tunaunda droni za kupeleka dawa visiwa vya Ssese. Zinaruka kwa kundi na kuwasiliana zenyewe kwa redio. Kila moja inaendeshwa na chipu ya STM32F405: megahezi 168, kumbukumbu ya kilobaiti 192.

Kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na wasiohusika, hakunisumbui. Mbinu ya kusimba ya ChaCha20-Poly1305 inatosha, na nyingine, Ascon, iliyochaguliwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2023, ni nyepesi pia. Kinachoninyima usingizi ni ufunguo wa pamoja, yaani namba ya siri ambayo droni zote hutumia kusimba na kufungua jumbe. Droni moja ikianguka na mtu akaiokota, anaweza kuuchomoa, akasikiliza kundi zima na hata kutoa amri za uongo. Kwa hiyo lazima zilizobaki zipate ufunguo mpya upesi. Kwa droni 64, kuutuma kwa kila moja ni jumbe 63. Kwa mti wa funguo wa matawi mawilimawili, ambapo droni za tawi moja zina ufunguo wao na ujumbe mmoja huzitosha zote, zinashuka hadi 11. Naupenda mti huo, ila redio zetu hupoteza jumbe, na droni iliyokosa mmoja tu inabaki nje.

Je, mti usimamiwe na kituo cha ardhini, au droni zikubaliane ufunguo zenyewe kwa Curve25519, hesabu ya kuunda siri ya pamoja bila kuituma hewani? Na iliyokosa ujumbe irudishweje bila kumfungulia mwizi mlango? Aliyewahi kulifanya hili kwa chipu ndogo, tafadhali anielekeze.