Naomba ushauri: picha za vita vya Kagera, nizitundike zote?

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Niko Ilemela, Mwanza. Nimesomea sanaa na sasa najitolea kwenye kituo kidogo cha utamaduni, napanga maonyesho. Nyumbani wanauliza hiyo nayo ni kazi gani.

Kuna mzee alikuwa Kyaka majeshi ya Amin yalipovamia mwaka 1978. Amechora daraja lililovunjwa, kanisa lililobomolewa, ng'ombe wakiswagwa kuvushwa mpaka. Na maiti. Anataka zitundikwe zote, kwa mpangilio wake. Msimamizi wangu anataka za maiti zibaki stoo, eti wanafunzi watatishika.

Mimi naona kuzificha ni kumziba mzee mdomo. Ila hapa tunafanya biashara na Waganda kila siku, sitaki onyesho ligeuke la kutafuta mchawi. Vita vilikuwa vya Amin, si vya mnunuzi wa sangara wa leo.

Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Gisozi, Kigali, iliyofunguliwa 2004, haikuficha: ipo mifupa, zipo picha za marehemu zilizotolewa na ndugu zao. Hapo ndipo ninapokwama. Hawa marehemu aliowachora mzee, ndugu zao hatujawauliza.

Mliowahi kufanya kazi za makumbusho, ndugu mnawatafutaje? Kupitia serikali ya kijiji, au kanisani? Na maelezo ya ukutani aandike mzee au mimi?

La pili: nimepata kazi Dar, mapokezi hotelini, mshahara upo. Wananitaka mwezi ujao, kabla ya onyesho. Niende?