Mota inazima Arduino kila ikitaka kuzunguka

Swali:
Wakuu, nina miaka 13. Nimetengeneza kigari cha boksi, magurudumu ni vifuniko vya chupa, mota nimeichomoa kwenye deki mbovu ya DVD. Nimeiunga moja kwa moja kwenye pini namba 9 ya Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuwekea programu. Inatetemeka kidogo, halafu taa ya bodi inazimika na kuwaka upya. Programu nimeikagua mara tatu. Nimekosea wapi?

Jibu:
Programu haina kosa, dogo. Pini moja ya Uno haitakiwi kutoa umeme unaozidi miliampea 40, na salama ni 20. Mota inapoanza tu inavuta mamia. Weka transista katikati (ni swichi inayowashwa na umeme mdogo wa pini), na dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na mota, ule mstari uliochorwa kwenye dayodi ukiwa upande wa chanya. Bila hiyo, ukizima mota umeme unaorudi utaua transista.

Jibu:
Na mota ipe betri zake. Ila waya hasi ya betri hizo na ya Arduino ziungane! Hapo mimi nilipoteza Jumamosi nzima.

Muuliza swali:
Imetembea!! Lakini inarudi kinyumenyume.

Jibu:
Haha. Badilishanisha waya mbili za mota tu, dayodi iache ilivyo.