Naomba ushauri: Kutoboa sakafu ya zege yenye mabomba ya maji moto, kamera ya joto inatosha?

FundiGereji_MN
Wakuu habari za saa hizi. Niko Minnesota, kuna mteja anataka tumfungie lifti ya gari ya nguzo mbili kwenye gereji ya nyumbani kwake, sasa shida ile sakafu ni ya kupashwa joto, ndani ya zege kumelazwa mabomba ya plastiki yale ya PEX yanapitisha maji moto kutoka kwenye boila. Nyumba kainunua kwa mtu, mchoro hana, picha za kabla zege halijamwagwa hana. Kila nguzo ina bolti zake zinazama kwenye zege na nikipasua bomba ndo sakafu ivunjwe. Naona kuna kamera za joto za kuchomeka kwenye simu, nikipiga picha nikachora mistari kwa chaki alafu nitoboe katikati ya mistari, niko salama? Mwenye uzoefu tafadhali.

BombaMoto_Edmonton
Mkuu inasaidia sana, nafanya hizi sakafu huku Kanada. Ila elewa kitu kimoja, kamera haioni ndani ya zege, inaona joto la juu ya sakafu basi. Kwaiyo bila joto kusafiri huoni kitu. Zima mfumo usiku sakafu ipoe (kama ni winta na maji hayana glaikoli, ile dawa ya kuzuia yasigande, usizime muda mrefu, yataganda), asubuhi washa, pandisha joto la maji, na usiondoke hapo. Mistari itaanza kujitokeza taratibu, zege likiwa nene au bomba limelala chini kabisa inachelewa, na ikitokea chora hapo hapo maana ukienda kula ukarudi baada ya masaa joto limeshasambaa, sakafu yote rangi moja.

Halafu nenda kwenye manifoldi, pale mabomba ya sakafu yanapogawanyika, uhakikishe kila njia iko wazi. Hapa ndo watu wanaumia. Njia moja ikiwa imefungwa au ina hewa, bomba lipo ila ni la baridi, kwenye picha panaonekana patupu kabisa, wewe unaweka drili. Kamera inakuambia hapa kuna bomba, haiwezi kukuambia hapa hakuna.

MamaWinnie
Kaka ondoa na mazulia, makatoni, gari lenyewe, na funga mlango jua lisipige sakafuni. Jua likipiga saa moja picha yako ni uongo mtupu.

Zege_Dubai
Naunga mkono wa Edmonton, mimi niongezee ya hatari zaidi. Huku Ghuba tunatoboa slabu za maghorofa kila siku na nyingi zina nyaya za chuma zilizovutwa, wanaita post-tension. Waya mmoja wa nusu inchi umevutwa kama tani 15, ukiukata unaweza kuchomoka kwenye zege ukaua mtu. Na waya huo hauna joto lolote, kamera haiuoni hata uipashe sakafu mpaka kesho. Nondo vilevile, na bomba la waya za umeme mara nyingi halionekani. Hivyo vinatafutwa na rada, ile mashine ya magurudumu inasukumwa juu ya sakafu. Usiseme hii ni nyumba ya kawaida tu, Marekani kuna majimbo kama Texas na California hata sakafu za nyumba za chini zinavutwa hivo, mara nyingi wanagonga muhuri wa onyo kwenye sakafu ya gereji, angalia karibu na mlango.

FundiGereji_MN
Shukran sana wakuu, hiyo ya njia iliyofungwa sikuifikiria kabisa. Swali, sakafu imepakwa epoksi inang'aa, haitaharibu picha? Na hizi kamera za simu si zina picha hafifu?

BombaMoto_Edmonton
Epoksi haina shida kubwa, inatoa joto vizuri karibu sawa na zege, angalia tu mwanga wa hita au mwili wako usijirudishe kwenye picha, sogea uone kama doa linakufuata. Chuma kinachong'aa ndo kinadanganya, na hapo unaweza kukitumia, bandika vipande vya tepu ya alumini pale bolti zitakapokaa, kwenye kamera vinaonekana tofauti kabisa na sakafu kwaiyo unajua mstari uko upande gani wa tundu lako. Mabomba kwa kawaida yameachana inchi 6 mpaka 12, hata kamera ndogo inayaona ukisimama juu yake wima, ukipiga kwa ubavu picha inapinda, mstari unakuwa mgumu kuusoma.

Siku ya kutoboa funga njia zinazopita hapo, zijaze upepo uweke geji ya presha. Mshale ukishuka simama, bomba limetoboka, bora ujue dakika hiyo kuliko baada ya lifti kusimama. Na usijipe moyo kwamba utatoboa kina kifupi, bolti za lifti zinataka karibu unene wote wa zege.

Kidude_Tegeta
Asiye na kamera alowanishe sakafu maji kidogo mfumo ukiwa umewaka, juu ya bomba panakauka kwanza. Ila kwa lifti yenye gari juu na mtu chini mimi nisingetegemea hiyo peke yake.

Zege_Dubai
Kabisa. Na bolti ikiangukia kwenye mstari usiibane pembeni, hamisha nguzo zote mbili. Gharama ya rada iweke kwenye bei ya mteja.

FundiGereji_MN
Nimeshaongea na mteja, kakubali kulipia rada. Kamera naanza nayo Jumamosi, nikipata picha nazileta hapa mnisaidie kuzisoma kabla sijagusa drili.